Mchele wa Ahmedabad
Garba ya jana ilitumaliza miguu, wueh! Na bado ni siku ya tatu. Akina shangazi wa bibi harusi waliniuliza kwa zamu nasomea nini. "Niliacha chuo," nikajibu. Wakaniongezea jalebi. Kwetu jibu hilo huitisha kikao cha familia.

Wadogo zake walificha viatu vya bwana harusi, wakadai pesa. Hapo nilijihisi nyumbani kabisa. Kisha moto, hatua saba, na kuaga. Rafiki yangu, tuliyeishi naye chumba kimoja hosteli, alirusha mchele nyuma bila kugeuka. Mamake akaukinga kwa pindo la sari, analia.

Mama yangu hajanipigia tangu niache chuo. Nilimtumia video hiyo. Tiki mbili, za bluu.