Simu Juu ya Mparachichi

Kwetu ni Taita, katika bonde dogo lililofichwa na mgongo wa mlima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Wundanyi. Ukiupanda mgongo huo utaiona Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Milima ya Taita, na milingoti ya mawasiliano iliyosimama pale. Ukishuka hadi uani kwetu, mlima wenyewe unakukinga nayo. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, nami nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, tuliambiwa kwamba sasa mtandao wa kasi umefika nchini. Waama ulifika. Kwetu uliishia juu ya mparachichi.

Nasema mparachichi kwa sababu ndipo mahali pa pekee katika boma letu ambapo simu hushika mtandao wa maana: tawi la tatu, upande wa mashariki. Ndugu yangu mdogo ndiye aliyeligundua tawi hilo alipokuwa akichuma, simu mfukoni ikaanza kulia mfululizo kwa jumbe za juma zima.

Mwaka 2024 nilirejea nyumbani shingo upande. Kodi ya chumba mjini ilikuwa imenilemea. Pendekezo langu la utafiti, kuhusu riwaya za Said Ahmed Mohamed, lilikuwa tayari kutetewa, na idara iliridhia tuliokuwa mbali tuwasilishe kwa njia ya mtandao. Ambaye angekosa siku hiyo angesubiri kikao cha muhula uliofuata, pamoja na karo yake. Mama alikuwa amekwisha kuniambia karo hiyo ingetoka wapi: zizini alibaki ng'ombe mmoja.

Kuketi tawini na tarakilishi mapajani mbele ya jopo la wahadhiri hakukuwa na staha. Ndipo nikaikumbuka ruta kuukuu niliyorudi nayo kutoka mjini. Wazo langu lilikuwa hili: simu ibaki mtini, inase mtandao wa mlingoti na kuutoa upya karibu yake, ruta iwekwe dirishani, iudake na kuusambaza vyumbani. Si kila ruta hukubali kazi hiyo, kwani nyingi hungojea waya kutoka kwa muuza huduma. Yangu, kwa bahati, ilikuwa na mpangilio wa kupokea kwa hewa na kutoa kwa hewa.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini nilikula wali mkavu kwa siku tatu. Kwanza, simu ilikuwa ikitangaza kwa masafa ya gigahezi 5, nayo ruta yangu ya zamani ilijua gigahezi 2.4 tu. Zilikuwa hatua chache baina yao na hazikuonana. Kisha mvua ikatishia, nami nikaificha simu ndani ya debe la bati. Mtandao ukatoweka papo hapo, maana bati huzuia mawimbi. Nikalibadilisha debe kwa mkebe wa plastiki uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, nikautoboa ubavuni ili simu isichemke kwa jua. Siku ya tatu, jioni, taa ya ruta ikawa ya kijani.

Mama alikuwa akinitazama muda wote huo kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikaona ni wajibu wangu, mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, kumweleza kwa Kiswahili sanifu. Nikamwambia kwamba kipanga njia hupokea mtandaopepe, kisha husambaza mawimbi yake.

"Pepe?" akauliza. "Umeweka pepo kwenye mti wangu?"

Naungama kwamba nilicheka. Maneno hayo mawili sikuyabuni mimi. Hutumiwa katika simu zenye Kiswahili, na darasani ningeyatetea kwa bidii. Pale uani hayakunisaidia. Mama akaliangalia tawi, akaliangalia dirisha, kisha akasema, "Kwani si kama maji ya mlimani? Chemchemi iko juu, tangi liko hapa, na kila mtu ana mfereji wake." Nikamwambia ndivyo hasa. Akaongeza, akigeuka kuingia jikoni, "Lakini tangi haliongezi maji, mwanangu." Nililichukua neno hilo kuwa mzaha.

Usiku wa kuamkia kikao nilinunua bando la gigabaiti 5, nikiamini lingetosha na kubaki. Asubuhi nilivaa shati jeupe na tai, nikaketi mbele ya ukuta usio na nyufa. Nilikuwa nimefika katika mihimili ya nadharia pale uso wa mwenyekiti ulipoganda, mdomo wazi. Bando lilikuwa limekwisha.

Baadaye ndipo nilipofahamu. Simu ikijiunga moja kwa moja na simu nyingine, mara nyingi hutambua kwamba data inapimwa, ikajizuia. Ikijiunga na ruta, hudhani imefika penye mtandao usio na kipimo. Simu ya dada yangu, ya mdogo wangu na za wageni wawili waliolala kwetu zilikuwa zimepakia picha za harusi nzima na kusasisha programu zao tangu alfajiri.

Nilikimbia hadi mtini, nikapanda na tai yangu, nikaitoa simu mkebeni. Salio lilikuwa shilingi arubaini na kitu. Halikutosha bando la kunirejesha kikaoni kwa picha, ila lilitosha sauti. Nikampigia mwenyekiti. Kwa hisani ambayo sitaisahau, aliisogeza simu yake karibu na kinasa sauti ili wengine wanisikie. Niliutetea utafiti wangu nikiwa nimekumbatia shina, bila maandishi, huku ng'ombe akilia chini yangu. Mtahini mmoja aliuliza kulikuwa na nini huko. Nikamjibu kweli.

Nilipita, kwa masharti ya kurekebisha sura ya pili. Nilipoangalia chini nilimwona mama ameshika ngazi kwa mikono miwili. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Yule wa mwisho, aliyekuuliza kwa ukali," akasema, "ulimridhisha?"

"Nadhani, mama."

"Basi shuka polepole. Hilo tawi lina maua."

Ng'ombe yungali zizini. Ruta ingali dirishani, na kila simu ya nyumbani sasa imeelezwa katika mipangilio yake kwamba data ya hapa inapimwa. Jioni, kabla ya kuzima taa, mama hupita mlango kwa mlango akiuliza kama mifereji imefungwa.