Usigombee tafsiri kabla ya kuiona asili

Mpenzi msomaji, huenda leo asubuhi umesimama kanisani ukakariri kanuni ya imani pamoja na waumini wenzako, kisha ukaketi bila ya kuyawazia tena maneno uliyoyatamka. Sikulaumu. Jambo tulilofundishwa tungali wadogo hututoka kinywani kama salamu. Lakini je, umewahi kujiuliza maneno hayo yalitungwa na nani, kwa lugha gani, na yalihifadhiwa wapi hadi yakakufikia? Na iwapo jirani yako wa madhehebu mengine anayakariri tofauti nawe kwa neno moja, utajuaje ni nani aliyeongeza na ni nani aliyepunguza?

Usiseme kwamba hayo ni mambo ya mapadri na maprofesa. Katika ukoo wetu neno moja tu lilitosha kuwatenganisha nyanya wawili.

Dada yangu ni Mkatoliki. Ameolewa katika nyumba ya Waothodoksi, kanisa ambalo mizizi yake hapa Kenya ni mirefu kuliko wengi wanavyodhani, kwani Upatriarki wa Aleksandria uliwapokea waumini wa hapa mnamo 1946. Kwa miaka mingi ndoa hiyo ilikuwa ya heri. Likizo moja watoto walikwenda kwa mama yetu, na likizo ya pili wakaenda kwa nyanya yao mzaa baba.

Basi jioni moja kitinda mimba wa dada yangu, msichana wa miaka 10, alikariri Nasadiki katika sala kwa huyo nyanya mzaa baba, jinsi mama yetu alivyomfundisha. Alipofika penye Roho Mtakatifu akasema kwamba anatoka kwa Baba na Mwana. Nyanya akamkatiza. "La, mjukuu wangu, hapo mmeongeza. Roho anatoka kwa Baba." Mtoto aliporejea kwa mama yetu akakariri kama alivyosahihishwa, naye mama akamkatiza vilevile: "Nani amekufunza kupunguza maneno ya imani?"

Msichana akakoma kukariri kabisa. Wenzake walipokuwa wakisali, yeye alikaa kimya akitazama chini. Nao wazee wetu wakaanza kupelekeana maneno. Krismasi ilipofika hatukula pamoja, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Baba ya watoto akaniita kando akaniambia, "Shemeji, wewe ni mwalimu. Hebu tafuta ukweli wa jambo hili kabla halijatuvunjia nyumba."

Nilimchukua mpwa wangu mkubwa, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, tukaanza safari ya vitabu. Tuliyojifunza njiani nakupa wewe msomaji, ili nawe ukitatizwa usianze gizani.

La kwanza, jua unaulizia kanuni ipi. Ile fupi iitwayo Imani ya Mitume ni ya makanisa ya Magharibi, na matini yake tunayoitumia ni ya Kilatini. Ile iitwayo ya Athanasius pia ilitungwa kwa Kilatini, ingawa Athanasius mwenyewe, askofu wa Aleksandria aliyefariki mwaka 373, aliandika kwa Kigiriki. Wataalamu hawakubali kwamba ni yake. Ile ndefu tunayoiita ya Nikea ndiyo iliyowagombanisha nyanya wetu, nayo ilitungwa kwa Kigiriki. Kwa hivyo atakayekuletea Kilatini au Kiingereza na kudai kuwa ndiyo asili ya kanuni hiyo, mwambie kwa upole kwamba hajafika chemchemini.

La pili, usiamini jina. Baraza la Nikea, mji ambao leo unaitwa Iznik nchini Uturuki, lilikutana mwaka 325 kwa wito wa Kaisari Constantine. Maaskofu walikuwa na shughuli ya kumjibu Arius, kasisi wa Aleksandria, hapa hapa barani Afrika, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Wakatunga kanuni yenye neno homoousios, yaani wa asili moja na Baba. Lakini ukiisoma kanuni hiyo ya 325 utashangaa, kwani kuhusu Roho Mtakatifu inamtaja tu kisha inawageukia wapinzani na kuwalaani. Habari za Roho kutoka kwa Baba hazimo kabisa. Kanuni tunayoikariri leo ni ile ya baraza la pili, lililokutana Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 381. Kumbe wazee wetu walikuwa wakigombania Nikea kwa jambo ambalo Nikea haikulisema!

La tatu, uliza nani aliyeyatunza maneno. Mpwa wangu alidhani kwamba kuna mahali palipohifadhiwa kumbukumbu za kikao cha Nikea, kama zile za bunge. Hazipo. Kilichobaki ni kanuni yenyewe, sheria 20, barua ya baraza, na maandishi ya watu waliokuwapo au waliokuja baadaye. Mmoja wao ni Eusebius, askofu wa Kaisaria, aliyewaandikia waumini wake akiwaeleza kwa nini alikubali kutia sahihi. Barua hiyo ilihifadhiwa na Athanasius, ambaye hakuwa rafiki yake. Nayo kanuni ya 381 twaikuta kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za baraza la Kalkedonia la mwaka 451, iliposomwa mbele ya maaskofu, miaka 70 baada ya kutungwa. Ndiyo kusema, ukitafuta asili usitafute karatasi moja iliyofungiwa kabatini. Tafuta mashahidi, kisha uwalinganishe.

Sasa utauliza, mashahidi hao wanapatikana wapi na mimi ninaishi Umoja au Kayole? Wanapatikana. Zamani mtu alihitaji kumfikia Mansi, askofu mkuu wa Lucca nchini Italia, ambaye mkusanyiko wake wa mabaraza ulichapishwa katika mabuku makubwa 31 kati ya 1759 na 1798. Kisha Mjerumani Eduard Schwartz akaanza mwaka 1914 kuchapisha kumbukumbu hizo upya kwa kulinganisha nakala za mkono. Mkusanyiko wake unaanzia na baraza la Efeso la mwaka 431, kwa kuwa ya kabla ya hapo hayakuacha kumbukumbu za vikao. Vitabu hivyo ni vya wabobezi. Wewe na mimi tuanze na vyepesi. Kuna mabuku mawili yaliyohaririwa na Norman Tanner mwaka 1990, yenye maneno ya asili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kuna kitabu cha Denzinger, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1854, ambacho Wakatoliki hukinukuu kwa namba. Na kuna Philip Schaff, ambaye mwaka 1877 alitoa mabuku matatu ya kanuni za imani. La pili lina Kigiriki na Kilatini pamoja na tafsiri. Hicho cha Schaff na kile cha Mansi haki zake zimekwisha muda, na kwenye intaneti utavisoma bila ya malipo. Kwa vile vingine, nenda katika maktaba ya chuo kinachofundisha teolojia. Nairobi na viunga vyake havina uhaba wa vyuo hivyo, kuanzia Lang'ata hadi Limuru. Piga simu kwanza uulize kama wasomaji wa nje wanaruhusiwa.

Usiogope herufi. Alfabeti ya Kigiriki ina herufi 24 tu, na mwanafunzi mwenye bidii huzimudu kwa wiki mbili. Huhitaji kuijua lugha yote ili uone neno Patros, yaani la Baba, wala ili uone kama baada yake pana kai, yaani na. Tulipoifungua kanuni ya 381 mpwa wangu aliweka kidole penye Patros, akakisogeza polepole. Hapakuwa na kai wala hapakuwa na Mwana. Katika Kilatini, mahali hapo hapo, pana neno moja la herufi 8: Filioque. Ule mkia wake, que, ndio wenye maana ya na. Herufi 8 ndizo zilizokuwa zimetunyima Krismasi.

Je, tungefunga vitabu na kutangaza mshindi? Hapo ndipo wengi hupotea. Anayetafuta asili ili apate fimbo ya kumchapia mwenzake huacha kusoma mara tu anapoipata fimbo. Sisi tuliendelea.

Tukakuta kwamba nyongeza ile ilienea kwanza huko Hispania, ambako watawala walikuwa wamefuata mafundisho ya Arius kabla ya kuyaacha katika baraza la Toledo la mwaka 589. Makanisa ya huko yalitaka kusisitiza kwamba Mwana si mdogo wa Baba kwa lolote. Kumbe walikuwa wakipigana vita vile vile vya Nikea! Tena hata kumbukumbu za Toledo zenyewe hazikubaliani, kwani si nakala zote za mkono zilizo na neno hilo katika kanuni. Tukakuta pia kwamba Papa Leo III, mwanzoni mwa karne ya tisa, hakulipinga fundisho lakini alikataa kanuni iongezwe, akaagiza iandikwe juu ya mabamba ya fedha kwa Kigiriki na Kilatini, bila ya neno hilo. Roma yenyewe ilikuja kuikariri pamoja na nyongeza mwaka 1014, miaka 40 tu kabla ya mfarakano wa 1054.

Jambo lililotufungua macho zaidi lilikuwa kitenzi. Kigiriki kinatumia ekporeuesthai, ambacho wanateolojia wa Mashariki walikitengea kutoka kwa asili ya kwanza. Kilatini kinatumia procedere, neno pana zaidi. Kiswahili chetu nacho kina "kutoka", pana vilevile. Wewe mwenyewe husema maji ya Nairobi yanatoka milima ya Nyandarua, na papo hapo ukasema yanatoka mferejini, na hujasema uongo mara zote mbili. Mgiriki angekuzuia kwa sentensi ya pili, Mlatini angekuelewa. Mifano yote ya Mungu ina mwisho wake, lakini huu ulitosha kutuonyesha kwamba tafsiri ilikuwa imeficha tofauti ambayo wazee wetu hawangeweza kuiona kwa kutazama vitabu vyao vya sala peke yake.

Tuliwaita nyanya wote wawili, tukawasomea. Mama yetu alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Basi Papa anajua jambo hili?" Nikamweleza habari za mabamba ya fedha, na kwamba mwaka 1995 ofisi ya Vatikani inayoshughulikia umoja wa Wakristo ilitoa maelezo ikikiri kuwa matini ya Kigiriki ya 381 haiwezi kupingwa na kanuni nyingine yoyote, na kwamba Kanisa Katoliki halikubali maneno "na Mwana" yaongezwe katika Kigiriki hicho. Nyanya mzaa baba naye aliposikia habari za Hispania alisema, "Kumbe hawakuongeza kwa ufisadi." Hakuna aliyehama kanisa lake. Waliafikiana tu kwamba mtoto akariri katika kila nyumba kama nyumba hiyo inavyokariri, wala asiambiwe tena kwamba upande mmoja ni wa waongo. Pasaka iliyofuata nilimsikia msichana akisali kwa sauti. Daftari lake la hesabu nalo limejaa alfa na beta pembezoni.

Msomaji mpendwa, mwaka 2025 makanisa ya dunia yaliadhimisha miaka 1700 tangu Nikea. Miaka yote hiyo watu wameyabeba maneno haya kutoka lugha hadi lugha, na kila mbebaji ana alama ya vidole vyake aliyoiacha. Wewe mwanafunzi, ukipewa tafsiri usiidharau, kwani bila yake wengi wetu tusingesali. Lakini siku ugomvi utakapozuka, kumbuka kuuliza maswali matatu: ni kanuni ipi, ilitungwa kwa lugha gani, na nani aliyeitunza? Uyaulize hayo hayo kwa upande wako kama unavyoyauliza kwa upande wa mwenzako, na usome hadi mwisho.

Nanyi wazazi, mtoto akikuuliza swali la imani ambalo hujui jibu lake, usimnyamazishe kwa ukali. Mshike mkono mwende maktabani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kumkatiza anayeuliza ndiko kunakoleta ujinga nyumbani. Nakutakia Jumapili njema.