Barua kwa Salim, Baba Idrisa

Tanga

Mwanangu Salim,

Tumshukuru Mungu Idrisa ametoka wodini. Mpe mama yake hongera na pole zangu.

Umenieleza kwamba daktari amepapasa akakuta korodani moja tu, na huko nyumbani maneno yameanza: mara kijicho, mara mkeo alikula vibaya. Nimefanya kazi ya ukunga maisha yangu yote, kwa hiyo nisikilize.

Korodani huumbika ndani ya tumbo la mtoto, karibu na figo, kisha hushuka taratibu na kuingia mfukoni miezi ya mwisho ya mimba. Idrisa kazaliwa wiki ya 32, korodani yake moja haijamaliza kushuka. Kati ya wavulana 100 waliotimiza miezi yao, kama 3 huzaliwa hivyo. Kwa njiti hufika hata 30. Mkeo asilaumiwe na mtu.

Nyingi hushuka zenyewe miezi ya mwanzo. Ila miezi 6 ikipita tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, usingoje tena, hata wazee wakikwambia itashuka akibalehe. Korodani inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Ikibaki juu, chembe za kutengeneza mbegu huanza kupungua angali mchanga. Mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa watoto, aishushe kabla hajafikisha miezi 18.

Mwaka 2001, Niels Skakkebæk na wenzake wa Copenhagen walitoa hoja kwamba korodani isiyoshuka, uhaba wa mbegu na saratani ya korodani huenda vina chanzo kimoja: korodani kutokukua sawasawa tangu tumboni. Ndiyo maana upasuaji hupunguza hatari lakini hauifuti yote. Usiogope, wengi waliokosa moja tu huzaa vizuri. Lakini Idrisa akibalehe mweleze habari hii bila haya, ajipapase kila mwezi, na akiona uvimbe aende hospitali.

Sigara nayo iache, hasa mkeo atakapobeba mimba nyingine. Moshi humdumaza mtoto aliye tumboni, na anayezaliwa na uzito mdogo ndiye hupatwa zaidi na tatizo la korodani kutoshuka.

Tarehe ya kurudi kliniki iandikwe kwenye kadi yake, nami unitumie. Nauli ikikupungukia, sema mapema.

Shangazi yako,
Mwanaidi