Breki za Land Rover ya Baba

Mteremko ule wa Siongiroi ningali nauona. Mvua ya masika ilikuwa imelowesha udongo, nasi tumepakia mikebe ya maziwa katika Land Rover ya baba, Series III iliyoundwa Uingereza kabla sijazaliwa. Ng'ombe akakatiza njia. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Magurudumu yakaganda, gari likateleza, nami nikazungusha usukani bure.

"Achia mguu!" baba akafoka.

Nikaachia. Magurudumu yakazunguka, usukani ukatii, tukampita ng'ombe kwa shibiri moja.

Baadaye ndipo nilipofahamu, ndugu msomaji, kwamba gurudumu lisilozunguka halielekezeki. Magari ya kisasa hayahitaji baba wa kufoka: vihisio hupima mwendo wa kila gurudumu, na moja likikaribia kuganda, kompyuta hulegeza shinikizo la mafuta ya breki na kulirudisha, mara nyingi kwa sekunde. Waingereza wenyewe walitia breki za jinsi hiyo, zisizo na kompyuta, katika Jensen FF mwaka 1966. Yetu haikubahatika.

Jumamosi tulifungua ngoma zote nne, tukapangusa tope, tukakaza, tukatoa hewa. Baba hakunigombeza. Alininyoshea ufunguo.

"Teremka tena," akasema.