Dawa ya Tangi la Asidi

"Babu, si asidi yenyewe ndiyo inayoondoa kutu? Dawa mliitia ya nini?" Aliyeuliza ni mjukuu mwenye shahada ya uhandisi, na swali lilimkera babu yake, aliyezeekea kwenye matangi ya kiwanda kimoja cha waya, Eneo la Viwanda, Nairobi.

Aliingia hapo miaka ya 1970. Mizingo ya waya ilifika na magamba meusi yaliyoletwa na joto la kinu, ikaning'inizwa kwenye winchi, ikazamishwa katika asidi salfuriki ya moto. Msimamizi wa zamu, ambaye wote walimwita Fundi, hakuruhusu mtu mwingine aguse pipa la dawa. Alipima kwa kikombe cha bati, kiasi kisichofika hata asilimia 1 ya tangi. Pipa likifunguliwa, banda lote lilinuka lami na samaki aliyechina, maana dawa nyingi za wakati ule zilitokana na lami ya makaa ya mawe. Harufu ile iliganda shatini, ikapanda matatu, ikafika nyumbani, ikalala kitandani. Mkewe aliizoea kabla yake.

Asidi haichagui, Fundi alisema. Ikimaliza magamba huugeukia waya wenyewe: unakonda, unatoboka vishimo, na hidrojeni inayotoka hupenya ndani, waya ukakatika ukivutwa. Dawa, yenye naitrojeni au salfa, hushika pale chuma kilipo wazi na kukikinga, huku asidi ikiendelea kula magamba. Mvuke hupungua pia, na kifua hupata nafuu.

Kwa kazi hiyohiyo, Ulaya walitia pumba, gundi na molasi tangu karne ya 19. Mwaka 1875 W. H. Johnson wa Manchester aliiarifu Royal Society kwamba waya uliotoka kwenye asidi hukatika upesi, na ukilowesha mahali ulipokatika, gesi hutoka ikitoa povu.

Baadaye ikaja asidi hidrokloriki isiyohitaji moto, kisha mashine za kukunja waya hadi magamba yapukutike.

Kinachomuudhi mzee ni vijana wanaomimina dawa kwa kukisia, wakidhani ikizidi ndiyo bora. Dawa nyingine zenye salfa hupunguza kuliwa kwa chuma, lakini huachia hidrojeni nyingi zaidi iingie. Kwa hiyo Fundi hakukubali waya utoke tangini uende kuvutwa moja kwa moja: uoshwe, uchovywe chokaa, ukaushwe tanurini hadi hidrojeni itoke. Mjukuu aliandika hatua hizo zote, na mzee akamsahihisha mpangilio.