Bibi Hakunywa Maji: Safari Yetu ya Kisiwa cha Changuu



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Aliyetuwezesha kutoka Buyenzi, Bujumbura, mpaka Unguja, kuwatembelea jamaa zetu wa Mji Mkongwe. Tulikuwa sisi wazazi, watoto watatu na Bibi yao. Tunaandika haya ili familia nyingine zinazopanga matembezi kama hayo zisirudie kosa letu.

Siku moja tuliamua kwenda Changuu, kisiwa kidogo kinachoonekana ukisimama Forodhani. Kwa mashua ni kama nusu saa. Watoto walitaka kuwaona makobe wakubwa, ambao asili yao ni makobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Sisi tulitaka kuliona jengo lililojengwa na Waingereza miaka ya 1890 liwe jela, lakini likaishia kuwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi.

Tuliuliza nauli, tukauliza kiingilio cha kisiwa, tukauliza saa ya kurudi. Tulibeba maandazi, kofia na kamera. Jambo moja hatukuuliza: choo kipo?

Tulifika saa nne. Hakukuwa na shida yoyote mpaka karibu na saa sita, Bibi alipokaa chini ghafla chini ya mti, akasema anaona kizunguzungu. Bibi ana ugonjwa wa sukari, na jua lilikuwa kali. Tulipompa chupa ya maji akaisukuma. Tukamsihi, ndipo akasema kwa sauti ndogo, watoto wasisikie: "Sijanywa kitu tangu alfajiri. Nilijua nikinywa nitataka kwenda msalani, na huku kisiwani sijui kama kuna mahali."

Wallahi tuliona haya. Mama mtu mzima alijinyima maji tangu alfajiri mbele ya macho yetu, na sisi tulikuwa tunapiga picha za makobe.

Nahodha wetu alikuwa karibu. Akaamkia, "Shikamoo, Bi mkubwa," kisha akatuonyesha kwa mkono: vyoo vipo, mwendo mfupi tu. Vilikuwepo muda wote! Bibi aliteseka kwa kitu ambacho swali moja tu lingekimaliza. Akaenda, akarudi, akanywa chupa nzima, akapumzika kivulini. Alhamdulillah, hali yake ikatengemaa.

Wakati wa adhuhuri ukaingia. Tungeweza kuisali mjini kabla ya alasiri, lakini Bibi hapendi kuchelewesha. Maji ya chupa yalikuwa yamebaki kidogo, nayo ni ya kunywa. Mmoja wetu akasema tutayamamu. Nahodha akacheka kwa upole: "Mmezungukwa na maji, mtayamamu vipi?"

Sisi ni watu wa Ziwa Tanganyika, tumezoea maji matamu. Watoto walikuwa wameonja ya bahari asubuhi wakayatema, wakauliza kama maji ya chumvi yanafaa kutawadhia. Tukawakumbusha hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi: mtu alimweleza Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kwamba wao husafiri baharini na maji machache, wakitawadhia watapata kiu. Akamjibu kuwa maji ya bahari ni twahara. Suala lile lilikuwa letu hasa!

Basi maji yalikuwepo. Kilichokosekana ni stara. Mwanamume hukunja mikono ya kanzu akatawadha popote, lakini mama atafunua wapi nywele na mikono yake, na ufuo umejaa watu? Tulikwenda nyuma ya miamba, tukashika khanga mbili kama pazia, Bibi akatawadha kwa raha zake. Tukasali kivulini tukielekea kaskazini, kwani kutoka Unguja Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja.

Ndugu wasomaji, kabla hamjapanda mashua:

1. Ulizeni choo kiko wapi, na kama kina maji. Mkifika, muonyesheni mzee kabla ya kitu kingine.
2. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, na kopo la kutawadhia na kustanjia.
3. Bebeni khanga mbili za ziada. Ni pazia, ni mswala, ni kivuli.
4. Tazameni wakati wa sala utawakuta wapi.
5. Msisubiri mzee aseme. Wazee wetu wana haya, watavumilia mpaka waanguke.

Tumezoea kufikiri kuwa kumtendea wema mzazi ni kumpa fedha au kumpeleka Hija. Siku ile tulijifunza kuwa hata kumuulizia choo ni wema.

Jioni tulipofika Forodhani, Bibi aliagiza juisi ya miwa bila sukari ya ziada, akacheka mwenyewe. Tukamnunulia maji.