Shanta la Shule na Safari ya Baiskeli

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaikariri darasani tukijiandaa kwa mtihani, lakini sijui ni wangapi kati yetu huikumbuka wakiwa sokoni. Mimi nimeikumbuka katika jambo ambalo wengi mtaliona dogo: kununua shanta la kubebea vitabu. Huku kwetu twaliita begi, nami nitatumia majina yote mawili, kwani sokoni ukisema shanta muuzaji atakukodolea macho tu. Nawaandikia hasa nyinyi wenzangu wa kutwa mnaokuja shule kwa baiskeli. Wa bweni nanyi msome, siku moja mtakuwa na safari zenu.

Kwetu ni karibu na Nambale, kaunti ya Busia. Msomaji usisahau kwamba neno boda boda lilizaliwa huku mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa ajili ya vijana waliobeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Kwa hivyo baiskeli si kitu kigeni kwetu. Yangu ni ile nyeusi nzito ya babu, yenye kerea pana ya chuma. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita saba, nne za udongo mwekundu na tatu za lami. Asubuhi huwa siko peke yangu. Nambeba mdogo wangu wa Gredi ya Pili, ambaye shule yake iko njiani. Yeye huketi kwenye kerea, manake ndiyo nafasi iliyopo. Basi begi halina pengine pa kukaa ila mgongoni mwangu. Na barabara ikiwa mbovu, mtoto atashika nini? Atashika begi.

Muhula wa kwanza mwaka jana, mkanda wa begi nililokuwa nalo ulikatika tukiteremka kuelekea mtoni. Begi lenyewe lilikuwa jipya, halijamaliza hata miezi miwili. Mdogo wangu alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili. Alianguka kwa ubavu, akachubuka kiwiko na goti. Mungu ni mwema, nyuma yetu hapakuwa na gari. Baada ya kumnyamazisha nililitazama lile begi. Kitambaa kilikuwa kizima, zipu nzima, na vikatuni vilivyochorwa mbele bado vinacheka. Kilichoachia ni mshono wa pale mkanda unapoungana na begi, ambao cherehani iliupitia mara moja tu. Kumbe begi halingoji kuchakaa ndipo life. Hufia kwenye maungio.

Nilikuwa na kuku wawili niliowafuga kwa ajili ya kununua kamusi. Mama aliniambia, "Mwanangu, kamusi itangoja. Mtoto hawezi kungoja." Kuku wakauzwa shilingi 1,200. Niliapa kwamba kila shilingi itakayosalia itarudi kwenye kamusi, na ndiyo sababu nilifanya uchunguzi kama askari kanzu kabla ya kutoa hata senti moja.

Kwanza nilimwendea fundi mmoja mzee ambaye hushona viatu na mabegi kando ya soko. Aliniambia, "Msichana wangu, usiangalie uso wa begi. Ligeuze ndani nje." Nikalijua somo lake. Ndani ya begi ndiko mishono inakoonekana. Pale mkanda unapoingia, pawe pameshonwa mraba wenye msalaba katikati, au mistari mifupi iliyosongamana, si mstari mmoja mrefu. Pindo za kitambaa ziwe zimefunikwa kwa utepe, maana kitambaa kilichoachwa wazi hufumuka nyuzi moja moja mpaka mshono ukose pa kushika. Halafu shika mkanda kwa mkono mmoja na begi kwa mkono mwingine, uvute kwa nguvu. Muuzaji akikunja uso, muage.

Kuhusu kitambaa, mwalimu wetu wa Fizikia alinifafanulia. Kuna kipimo kiitwacho dinia. Huo ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa hivyo uzi wa dinia 600 ukiwa na urefu huo una gramu 600. Mabegi mengi ya shule ni poliesta ya dinia 600, nayo yafaa ikiwa yameshonwa vizuri. Yale ya nailoni ya dinia 1,000 ni magumu zaidi na hustahimili kusuguliwa. Turubai la pamba nalo ni imara, ila likinyeshewa hunywa maji, likawa zito kama gunia la mchanga, na lisipokauka huota kuvu. Fauka ya hayo, jua nalo ni adui, kwani miale yake hudhoofisha nailoni pole pole. Begi usilianike juani siku nzima, lianike kivulini.

Zipu nayo ina namba. Namba 5 ni ndogo, namba 10 ni kubwa, na mara nyingi utaiona nyuma ya kile kichwa cha zipu. Begi la vitabu vingi listahili namba 8 au 10 kwenye mfuko mkubwa. Ifungue na kuifunga mara kumi, hasa kwenye kona. Ikikwama dukani, itakwama zaidi ikila vumbi la barabara yetu.

Aidha, kuna mkanda mdogo wa kifuani ambao wengi hudhani ni mapambo tu. Anayetembea aweza kuukosa. Lakini mwendesha baiskeli akisimama juu ya pedali kupanda mlima, begi huyumba kushoto na kulia na kumyumbisha naye. Mkanda huo hulituliza.

Sasa sokoni. Begi la kwanza lilikuwa jipya, linang'aa, shilingi 900. Nikaligeuza ndani: mshono mmoja. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, nikaliacha. La pili fundi angelishona mwenyewe kwa turubai la lori kwa shilingi 1,100. Hilo lingenizidi umri, lakini lilikuwa zito hata kabla ya kutia kitabu. La tatu lilikuwa la mtumba, nailoni nene ya kijani iliyofifia, shilingi 550. Ndani mtu alikuwa ameandika kwa wino herufi mbili ambazo si za jina langu. Mishono yote ilikuwa mraba na msalaba, zipu namba 10. Nilijua kuna watakaonicheka shuleni, na kweli walinicheka, ati nimevaa begi la marehemu. Wacha wacheke. Nililinunua, nikampa fundi shilingi 150 aongeze kitu kimoja: kishikio cha mkanda mpana kila upande, kilichoshonwa kupita mpaka ndani, cha kushikwa na mdogo wangu.

Mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, wakati wa kurudi. Zamani watu walifunga vitabu kwa karatasi za nailoni za dukani, lakini serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Babu alinipa dawa: ule mfuko wa plastiki ulio ndani ya gunia la mbolea. Niliuosha mara tatu kwa sabuni, nikautia ndani ya shanta, na mdomo wake naukunja. Madaftari yangu hayajalowa tangu siku hiyo. Nyuma nilishona utepe ung'aao uliotolewa kwenye fulana kuukuu ya boda boda, kwani ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni giza huwa limekaribia, na madereva wa malori hawana macho ya paka.

Jambo la mwisho ni uzito. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri begi lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mwanafunzi. Mimi nina kilo 48, na nilipopima vitabu vya siku moja nikapata kilo tisa! Ningependa chama chetu kiuombe uongozi wa shule makabati machache ya wanafunzi wa kutwa, ili vitabu visivyohitajika usiku vilale shuleni. Wazo hili tulijadili katika mkutano ujao.

Hesabu yangu ni hii: begi 550, fundi 150, zikabaki 500. Kamusi sijaipata, lakini safari yake imeanza. Nanyi wenzangu, kila Jumamosi mnapofua sare, geuzeni begi ndani nje mtazame mishono. Uzi mmoja ukichomoza, mpelekee fundi siku hiyo hiyo, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.